Swichi Namba Kumi na Nne

2 Mei

Babu,

Shikamoo. Nimefika, nimelala, nimekula, na nimeshaudhika. Yote hayo ndani ya siku mbili.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu kwako ni pambo. Masikio uliyamaliza kwenye visikizi vya kazini, na ujumbe wa simu wewe unadai umeandikwa na sisimizi. Haya, herufi zangu hizi hapa, kubwa kama za mtoto wa chekechea. Usilalamike.

Ukumbi wenu wa mikutano uko vile vile ulivyonisimulia: meza ya duara, nchi saba za mto zimeizunguka, vibanda vya wakalimani kushoto, na juu kabisa kile chumba cha kioo ulichokaa miaka yote hiyo ukichezea vipaza sauti vya wakubwa. Sisi wajumbe vijana, wawili wawili kutoka kila nchi, tumewekewa viti ukutani. Mbele yangu yupo waziri mmoja mwenye kisogo chenye mikunjo mitatu. Nakijua kisogo chake kuliko mke wake anavyokijua. Uso sijauona bado.

Wanajadili mkataba wa kugawana maji, na utadumu miaka arobaini. Siku utakapokwisha nitakuwa na miaka sitini na nne, na wale walioko mezani watakuwa picha zenye fremu. Tunachodai sisi ni Kifungu cha Kumi na Moja: vijana wawili kwa kila nchi wakae mezani, si ukutani, nao wapige kura kila maji yanapogawanywa. Kitapigiwa kura tarehe 23. Na unajua tumepangiwa kusema saa ngapi siku hiyo? Saa kumi na mbili kasoro dakika nne jioni. Saa kumi na mbili kamili wakalimani wanavua visikizi na kwenda kwao, na bila wakalimani kikao hakipo tena. Tukichelewa kidogo tu, kifungu kimekufa.

Mwenyekiti ni yule yule wako, Bwana Nyundo. Ana miaka themanini na kitu, na nyundo yake anaigonga kama anaua mende.

Mama hajambo, bado anapima kina cha mto kila asubuhi kwa fito zake. Amenipa madaftari yake yote nitolee mifano. Nikikutaja wewe anaanza kuosha vyombo, hata kama ni visafi.

Niambie ujanja wa ukumbi huu. Wewe ndiye unaujua.

Mjukuu wako

* * *

6 Mei

Mke wangu mdogo,

(Yule mkubwa tumeshamzika, hana wivu tena.)

Marahaba. Barua yako imenikuta nimeinamia redio ya jirani. Anataka niifufue, na mimi namwambia redio hii ilikufa kabla yako. Nimeiacha hapo hapo. Wewe una jambo tamu zaidi.

Kumbe Bwana Nyundo yuko hai! Kila wiki nafungua ukurasa wa vifo gazetini namtafuta, nasoma majina yote, narudi mikono mitupu. Watu wazuri wanakwisha, yeye anagonga meza.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili mama yako hajakueleza. Miaka ishirini na sita iliyopita alisimama katika ukumbi huo huo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa vipimo vya maji, na mkononi ana karatasi tatu. Alisema kwa dakika moja. Bwana Nyundo akaona maneno yanaelekea kwake, akamkatia sauti. Mama yako hakujua. Aliendelea kuhutubia, mdomo unafunguka na kufumba kama wa samaki ndani ya ndoo, na ukumbi mzima ukacheka. Mawaziri walicheka hadi wakatoa leso. Alipojua, alikunja karatasi zake akatoka, na tangu siku hiyo hakanyagi pale. Hapa kwangu hakanyagi vilevile. Nadhani nikimkaa machoni anaukumbuka ukumbi. Hata msibani kwa bibi yako alinipa mkono kama anampa mgeni.

Kwa hiyo mtu huyo tumwekee kitu, mimi na wewe. Mimi nina akili ya waya, wewe una miguu.

Kipaza sauti chake ni namba moja. Akibonyeza kizime, taa nyekundu inazimika, naye anaamini yuko peke yake. Hayuko. Nilipoufunga mtambo ule niliacha waya mmoja mwembamba unaopeleka sauti yake kwenye kinasa sauti hata taa ikizimika. Miaka yote hii anawatukana watu chini kwa chini na mtambo unameza. Fundi wa sasa ni Koleo. Nilimfundisha mimi tangu hajui kushika bisibisi. Mwambie siku ya kura, mkiwa mnasema ninyi, aufungulie waya huo kwenye spika za ukumbi. Wote wamsikie. Nataka safari hii achekwe yeye.

Babu yako, Fundi

* * *

9 Mei

Babu,

Wewe ni mzee mbaya sana na nakupenda.

Koleo nimempata. Ana kipara, ana tumbo, na bado anakuogopa. Nilipotaja jina lako alijiweka sawa kola ya shati. Mwanzoni alikataa. Alisema, "Babu yako mwenyewe alinifundisha: fundi hana maoni, fundi ana vidole." Nikamwambia sasa huyo huyo babu anaviazima hivyo vidole. Akakuna kipara. Akanisikilizisha kipande cha kinasa cha wiki iliyopita.

Babu, sikujua kama mtu mzima ana kinywa kile! Sisi vijana ametuita vifaranga waliopotea njia ya jikoni. Waziri wa kisogo cha mikunjo mitatu, ambaye ndiye rafiki yake mkubwa, amemwita gunia la hewa. Halafu taa ikawaka, na sauti ile ile ikasema, "Tunathamini sana mchango wa kizazi kipya." Tangu asubuhi ile nikimtazama akitabasamu nasema moyoni: tabasamu, mzee, siku zako ninazo mimi.

Koleo amekubali. Atafungua waya nikikohoa mara mbili.

Kuna mwenzangu mmoja tu anayenisumbua, kijana wa nchi ya juu ya mto tunamwita Mrefu. Anasema Nyundo akiaibika ataondoka kwa hasira, mawaziri watamfuata, kura haitapigwa, na kifungu kitasubiri mkutano mwingine baada ya miaka mitano. Tumegombana. Nimemwambia kisubiri. Nilipolisema neno hilo sikulipenda, lakini nimeshalisema.

Nimwambie Mama? Atafurahi.

Mjukuu wako

* * *

12 Mei

Mke wangu mdogo,

Nimesoma barua yako mara nne, mara ya nne nimeisoma nimesimama. Gunia la hewa! Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kama redio yake imepona.

Huyo Mrefu mwambie apunguze urefu. Kifungu kitasubiri. Mimi nina miaka sabini na minane, sina miaka mitano ya kumgawia mtu. Ukisikia unataka kulegea, kumbuka mama yako na mdomo wake wa samaki.

Kohoa vizuri. Si kikohozi cha mwanamke mwenye haya, kohoa kama mvuta tumbaku, Koleo naye masikio yake yameanza kwenda. Kisha usitazame karatasi. Mtazame yeye. Uniandikie kila kitu: rangi ya uso, jasho limeanzia wapi, mkono uliokuwa na nyundo ulifanya nini. Mimi sitasikia wala kuona, nataka nisome polepole, kidogo kidogo, kila siku mstari mmoja.

Mama yako usimwambie kitu. Sitaki. Atauliza maswali, na yule akiuliza hamalizi. Mwache aje asikie kwa watu.

Babu yako, Fundi

* * *

15 Mei

Babu,

Leo sikusalimii.

Jana Koleo alinipandisha chumba cha kioo anionyeshe ule waya. Ni chumba kidogo, kina kiti kimoja chenye mto uliokatika katikati, nadhani umekatwa na makalio yako. Mbele kuna safu ya swichi, moja hadi arobaini, kila moja na namba yake. Nikamuuliza, ya Nyundo ya kuzimia watu iko wapi kule chini? Koleo akanicheka. "Mwenyekiti ana kitufe kimoja tu, cha kipaza sauti chake mwenyewe. Vingine vyote vinazimwa hapa juu. Yeye akitaka mtu azimwe, anatazama kioo na kufanya hivi." Akanionyesha vidole viwili vikikata hewa, kama mkasi. "Ukiona mkasi, unazima. Ndiyo kazi."

Niliuliza zamu zinaandikwa wapi. Akanionyesha rafu ya madaftari, yamejaa vumbi, hakuna anayeyatupa. Niliyashusha mpaka nikaufikia mwaka ule. Siku ile, zamu ya mchana, fundi mmoja. Sahihi yenye mkia wa nyoka chini yake. Nina sahihi mbili za namna hiyo mkobani mwangu, mwisho wa barua zako.

Na tarehe mosi ya mwezi uliofuata, sahihi ni ile ile, ila mbele yake pameandikwa Fundi Mkuu.

Hukunidanganya hata neno. Ulisema alimkatia sauti. Ukaniacha nijaze mwenyewe mkono ulikuwa wa nani.

Sasa nauelewa mpango wako. Miaka ishirini na sita iliyopita ulikaa nyuma ya kioo ukafanya jambo kwa siri kwa sababu mkubwa alitaka. Sasa unataka Koleo akae kwenye kiti hicho hicho, nyuma ya kioo hicho hicho, afanye jambo kwa siri kwa sababu wewe unataka. Na kifungu chetu kife kwa ajili hiyo.

Niandikie ukweli au usiniandikie.

Mjukuu wa bibi yangu

* * *

17 Mei

Mjukuu wangu,

Nimefuta miwani mara tatu nikidhani ndiyo iliyokosea.

Ni kweli. Kidole ni changu, hiki hiki kinachoshikilia kalamu.

Nilitaka kukuandikia kwamba nilikuwa nimeinamia mitambo, nikaona mkasi, nikazima kabla sijajua anayesema ni nani. Nimeandika hivyo, ukitazama mgongo wa karatasi hii utaona nilivyofuta. Nilijua. Asubuhi ile niliteremka mwenyewe nikashusha kipaza sauti namba kumi na nne kimfikie, maana yeye ni mfupi kama mama yake. Akaniambia, "Baba, ninaogopa." Nikamwambia, "Nipo juu."

Nilitaka vilevile kukuandikia kwamba bibi yako alikuwa mgonjwa, nikahofia kufukuzwa. Hakuwa mgonjwa, alikuwa mzima kama nyundo ya seremala. Nilihofia tu. Mkubwa alikata hewa kwa vidole na kidole changu kikashuka chenyewe, kama kilivyozoea kushuka kila siku. Nilikiangalia kikishuka. Ukumbi ulipoanza kucheka nilikuwa bado na nafasi ya kuwasha, na sikuwasha.

Jioni Nyundo akachungulia mlangoni, akasema, "Kazi nzuri, fundi." Hakujua hata kuwa yule ni mwanangu. Mwezi uliofuata akanipandisha. Hayo maneno matatu ndiyo yaliyonikaa tumboni miaka yote, mjukuu wangu. Nimemchukia kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nikiacha kumchukia yeye kuna mwingine wa karibu zaidi ninayepaswa kuanza naye.

Mama yako alipokuwa mdogo nilimchukua kila Jumamosi kupima vipaza sauti. Ukumbi mtupu. Yeye anakaa kiti cha mwisho kabisa, mlangoni, miguu haifiki chini. Mimi nasema, "Moja, mbili, nasikika?" Akisikia anainua mkono. Vipaza sauti arobaini, mkono mara arobaini, hachoki.

Ndani ya bahasha utakuta swichi. Ni ile. Niliing'oa juma lile lile nikafunga nyingine, na nimeiweka kwenye kopo la misumari mpaka leo. Ifanye upendavyo.

Mama yako hajui. Anaamini ni Nyundo peke yake. Hilo tu niachie nife nalo. Nikishakufa mtangazie hata makaburini, tena kwa kipaza sauti.

Babu yako

* * *

21 Mei

Mjukuu wangu,

Siku nne na hakuna bahasha. Tarishi ameanza kupita upande wa pili wa barabara ili nisimuulize.

Kununa mmerithishana, wewe na mama yako, kama pua.

Kesho kutwa ndiyo siku. Waya uamue wewe. Ukiufungua, sitafurahi. Nitafurahi kidogo. Usipoufungua, nitamtukana Nyundo hapa kibarazani mwenyewe, bure, bila mitambo.

Niandikie hata kunitukana. Nimekaa hapa na redio maiti.

Babu

* * *

24 Mei

Babu,

Shikamoo. Kaa chini, usisome umesimama.

Waya sikuufungua. Nilimpelekea Koleo barua yako ya tarehe 17. Aliisoma yote, akaikunja, akaenda kuchemsha chai, akarudi bila chai. Nikamwambia, "Sikuombi ufungue waya. Nakuomba kesho usiwe na vidole." Akarudi kuifuata chai yake. Sikulala vizuri, ila hilo halikuhusu.

Jana, saa kumi na mbili kasoro dakika nne, Nyundo akasema, "Sasa vijana wetu, kwa ufupi, wakalimani wamechoka." Nikaenda kwenye kipaza sauti namba kumi na nne. Nilikuwa nimefukua kumbukumbu za mkutano wa mwaka ule, nikazisoma kama zilivyoandikwa: "Mjumbe kijana: Mto umeshuka kiganja kimoja katika miaka mitano. Tunachowaomba ninyi si... Sauti imekatika. Kicheko." Nikasema, huyo mjumbe ni mama yangu, na vipimo vyake vya miaka ishirini na sita iliyofuata ninavyo hapa. Viganja sita. Na sentensi yake ninayo, nimemuuliza kwa simu inaishaje.

Hapo Nyundo akatazama juu akakata hewa kwa vidole.

Babu, Koleo alisimama. Alisimama wima na kubandika viganja vyote viwili kwenye kioo, vidole vyote kumi, kama mtu aliyeambiwa mikono juu. Kipara kinang'aa. Nyundo akakata tena, juu zaidi. Koleo hakutikisika. Nyundo akanyanyuka nusu, akakata kwa mikono miwili, chap chap, kama fundi cherehani aliyerukwa na akili. Waziri wa kisogo akageuka (nimeuona uso, hauna lolote), akauliza kwa sauti, "Huyu anakata nini?" Kipaza sauti chake kilikuwa wazi! Na wakalimani, unawajua, kazi yao kutafsiri kila kinachosemwa. Wakatafsiri. "Huyu anakata nini," kwa lugha tano. Kicheko kilianza upande wa kushoto, kikafika katikati, kikaja kulia, kila lugha kwa zamu yake. Mpaka kikafika ukutani kwetu.

Uliniomba nikuandikie jasho. Lilianzia nyuma ya masikio.

Aliangalia saa. Saa kumi na mbili kamili. Akainua nyundo afunge. Ndipo mkuu wa wakalimani, yule mama mwenye miwani ya kamba anayestaafu mwezi ujao, akasema ndani ya visikizi vya watu wote: "Wakalimani tupo. Leo hatuna haraka." Hakuna aliyetoka kibandani.

Nikamalizia sentensi ya Mama. "Tunachowaomba ninyi si kiti cha heshima. Ni kiti cha lawama. Mkikosea, tuwe tumekosea pamoja, kwa sababu sisi ndio tutakaokunywa." Nikakaa.

Nchi tano zimekubali, mbili zimekataa. Tumepata kijana mmoja kwa kila nchi badala ya wawili, ila kura yake ni kura nzima. Nyundo mwenyewe ndiye aliyegonga meza kukipitisha kifungu. Mrefu amenikumbatia nikaishia kwenye kifungo cha tumbo lake.

Sasa sehemu utakayoichukia. Wakati wa kutoka Nyundo alinipita mlangoni, akanitazama kama anayetafuta mate, akasema, "Kazi nzuri, binti." Nikamwambia, maneno hayo ulimwambia babu yangu, alikuwa fundi wako juu pale. Akafikiri. Akafikiri kweli, Babu, uso wote ukajikunja. Akaniuliza, "Fundi yupi?"

Hakukumbuki. Miaka ishirini na sita umemchukia mtu asiyejua kama upo.

Sijamaliza. Leo nimerudi nyumbani, na barua yako ile nimempa Mama, pamoja na swichi. Uliniomba nisimwambie mpaka ufe. Nami nilikuomba ukweli, ukanipa ulipobanwa. Nyundo alikuwa kisasi chako. Hiki ni changu.

Mjukuu wako

* * *

30 Mei

Baba,

Sikuandikii kwa sababu nimesamehe. Weka hilo mahali pa kuliona.

Mwanangu aliniletea barua yako akidhani ana habari. Niliisoma nimesimama jikoni, nikaendelea kumenya viazi. Akaniuliza, "Mama, hujashtuka?" Nikamwambia anipe chumvi.

Baba, kile chumba ni cha kioo. Kioo kinaonyesha huku na huku.

Nilipoona watu wanacheka, sikuelewa kwa nini. Nikainua macho kukutafuta, kama Jumamosi. Nikainua mkono kukuuliza kama nasikika. Taa ya kule juu ilikuwa inawaka, na nilikuona vizuri sana. Ulikuwa umekiinamia kidole chako, na kidole kilikuwa bado juu ya swichi.

Nyundo sijawahi kumfikiria hata siku moja. Alikuwa mzee mgeni mwenye nyundo. Wewe uliniambia upo juu.

Kwa hiyo unapojidanganya, kama ulivyomwandikia mwanangu, kwamba nimekukimbia kwa sababu unanikumbusha ukumbi, acha. Nilikunyamazia kwa makusudi. Miaka ile ya kwanza uliniandikia barua kumi na moja. Nilizipokea zote, nikazisoma zote, na katika zote ulimtukana Nyundo. Nilikuwa nasubiri moja ambayo haimtaji. Nilitaka ujue inakuwaje mtu anaposema na kusema na hakuna anayejibu. Wewe ulinizima dakika mbili. Mimi nimekuzima miaka ishirini na sita, na sijajuta hata mwaka mmoja. Labda mmoja, ule wa msiba wa Mama.

Mwanangu alimalizia sentensi moja tu kwenye ukumbi. Kwenye zile karatasi tatu zimebaki mbili na nusu. Ninazo.

Njoo Jumapili, saa nane mchana. Basi linakushusha njia panda, mwanangu atakungoja. Utakaa mbele yangu nami nitakusomea mpaka mwisho, kwa sauti yangu ya kawaida. Najua masikio yako yamekufa. Ndivyo ninavyotaka. Hutasikia hata neno. Utatazama mdomo ukifunguka na kufumba, kama walivyonitazama wale, na hutacheka.

Nikimaliza, ndipo nitakuandikia ulichokikosa.

Chai itakuwepo. Sukari ujiletee, siwezi kukuwekea kila kitu.

Bintiyo

* * *

2 Juni

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti. Jirani anasema nilikuwa napiga kelele. Sikujua.

Nitakuja. Redio yake nimemrudishia, nimemwambia ukweli kwamba imekufa na mimi ndiye niliyeimalizia. Alinisema sana. Nilimtazama mdomo mpaka mwisho, nijizoeze.

Niliyokuandalia miaka yote kuhusu yule mzee nimeyaacha kwenye kopo la misumari. Sukari nimeshanunua, nusu kilo, na ya kwako imo.

Ombi moja. Kiti cha mbele usinipe. Nitakaa kule nyuma, mlangoni, palipokuwa pako, niione sura yako yote na karatasi zote. Soma polepole, usiruke mstari kwa kunihurumia. Ukigeuza karatasi ya mwisho nitainua mkono.

Na ile swichi iweke mezani, upande wako. Kidole changu nitakikalia.

Baba yako